Nimechagua Boksi Zito

Mwanangu Makame,

Darasa la watu wazima mwalimu alitufundisha barua inaanza hivi: mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni kwako wewe. Nimekaa hapa tangu alasiri, naandika nafuta. Mimi si mzima. Na huo wasiwasi wako ntaupeleka wapi tena? Miaka yote nlikuwa na pa kuupeleka. Umekula? Umevaa fulana ya ndani? Umepumzika ulipofika juu? Sasa unanizunguka humu chumbani kama nzi, hauna pa kutua.

Basi naanza na hilo lililonikalisha. Nimelivunja neno lako, Makame. Wewe ulisema dogo, mimi nimechagua kubwa. Na ili nilichague kubwa, nimeitoa siri uliyoniambia nisimtolee mtu. Nnataka uyasikie kwa mdomo wangu, yote, yalivyokuwa, halafu utaniangalia kwa jicho utakalo.

Nyumba iko vilevile, na haiko. Arobaini yako imesomwa. Shangazi zako wamerudi Mkokotoni, kila mmoja na kijisufuria chake. Kitanda chako kilibaki kimesimamishwa ukutani kama walivyokiweka siku ile, watu wapate pa kukaa, na lile godoro kubwa la pamba likabaki limetandikwa chini, mikeka pembeni. Bi Tatu wa mlango wa pili kila akija ananambia, "Mize, kunja hilo godoro. Matanga hayazai." Namjibu ntakunja kesho. Kesho ikija namwambia mgongo. Nlikuwa naona nikilikunja ndio nimekubali, hapana tena mtu wa kuja kukaa kwa ajili yako.

Unamkumbuka Bi Tatu alivyokuwa akigonga ukuta kwa mchi ukiupiga uzi ule mnene wa gitaa lako? "Makame we! Mchuzi wangu unaruka chunguni!" Na wewe ukimjibu kwa kuupiga tena, taratibu, ukicheka na mabega. Juzi alikaa hapa kizingitini muda mrefu. Mwisho akasema, "Mchuzi sasa umetulia. Umetulia mpaka hauliki." Akajifuta kwa ukaya wake wa kichwani akenda zake.

Maalim Shaame alikuja wiki iliyofuata arobaini, yeye na Salha, yule mwanafunzi wako wa besi. Maalim wa klabu yenu ya taarabu, mtu mzima yule, alivyojaa adabu nliogopa. Kavua kofia, kaivaa, kaivua tena. Salha kakaa nyuma yake na gitaa lako la besi mgongoni, ndani ya mfuko wake uleule niliokushonea zipu. Nlipouona ule mfuko unaingia mlangoni umebebwa na mwengine, nikakaa chini.

Maalim akasema, "Bi Mize, tumekuja kwa yale maboksi ya spika." Yalikuwa hapo pembeni, nimeyafunika kwa shuka, maana nlikuwa siwezi kuyatazama. Uliyaleta mwenyewe kutoka kwa yule mwenye duka wa Mlandege, kuyajaribu, ili klabu ichukue moja. Sasa mwenye duka anataka jibu kabla ya Ramadhani, mwezi ambao ngoma zote hulala, na klabu nayo inataka kuwa tayari kwa harusi ya Idi pili. "Na marehemu," akasema, "alishatwambia. Alinipigia simu akasema dogo linatosha. Neno la maiti halivunjwi. Basi tumekuja kulichukua dogo, kubwa lirudi. Ila huyu," akamgeukia Salha, "kang'ang'ania tukuulize wewe. Sijui tukuulize nini, nisamehe."

Salha akasogea mpaka akawa mbele ya uso wangu, anaongea kwa midomo mikubwa kama ulivyomfundisha, ili nimsome. "Bi Mize, mwalimu alikuwa hachagui kitu bila wewe. Hata waya."

Kweli. Hata waya.

Watu wanafikiri nlikuwa nakaa pale ukutani kwa mapenzi ya mama. Nani angejua kuwa mwanamke aliyeliwa masikio na mashine ya kusaga unga ndiye aliyekuwa akikusikilizia besi? La kulia lilikufa wewe ukiwa madrasa. La kushoto linanusa tu, halisikii. Fidla ya Maalim mimi siijui, ni fimbo inakwenda na kurudi. Lakini wewe ulipokuja na gitaa lile la nyuzi tano, uzi wa mwisho mnene kama mshipi wa papa, ukauachia bila kuubana, mimi nlikuwa nachambua mchele nimeegemea ukuta, nikainua kichwa. Nikasema, nani kasukuma nyumba? Ulikuja ukapiga magoti mbele yangu macho yamekutoka. "Mama, umesikia?" Nkakwambia sikusikia, imenipitia.

Tangu siku hiyo ikawa ndio kazi yangu. Unaniweka chini, mgongo ukutani, miguu mitupu juu ya sakafu. Unapiga. Unauliza, "Imefika, mama?" Nami nakuonesha kwa mkono ilipofika. Kisiginoni. Gotini. Ikifika nyonga nlidhani ni nzuri, wewe unatikisa kichwa, "Ya nyonga haitoshi, ya nyonga ni ya kuchezea ngoma ya beni." Ulikuwa unaitaka ya kifuani. Ulikuwa ukisema sauti ya chini kabisa haina haja na masikio, na mtu akiisikia kwa masikio tu basi kaibiwa.

Na siku ile ulipoyaleta maboksi mawili tulifanya hivyohivyo. Dogo, lenye spika mbili ndogo kama visahani, jepesi, zuri, limepakwa rangi. Na lile kubwa, spika moja pana kama sinia la pilau, na tundu chini, ukaniambia hilo ndilo pua yake, boksi la chini lazima lipumue. Ulianza na dogo. Nlisikia kitu kwa mbali, kikali, cha haraka, kwa hili sikio linalonusa. Mwilini hakikuja kitu. Ukasema, "Unaona, mama? Linataja jina la sauti, mwenyewe haji." Halafu ukaunganisha kubwa. Makame, ilipanda kwa visigino, ikapita nyonga haikusimama, ikaja ikakaa hapa chini ya titi la kushoto, pale ulipokuwa ukilaza kichwa ulipokuwa mchanga. Nkaweka kiganja hapo. Hukuuliza imefika wapi. Ulicheka mpaka ukakohoa, na ukakohoa mpaka ukakaa chini, na midomo ikaingia weusi ule ambao mimi niliujua na daktari aliujua na wewe ulikuwa ukiulamba ili nisiuone.

Na siku ya pili nikuone umeshika simu unamwambia Maalim, dogo linatosha! Nlisoma midomo yako nikadhani nimekosea. Nkakuvuta kanzu. Ukanitazama, wala hukukasirika. "Mama, ngazi zile za klabu. Kila mtu hubeba chombo chake mwenyewe, ndio kawaida yetu. Mwenye fidla anapanda anapiga mluzi, mwenye besi anapanda anatoa roho." Ulilisema kama mzaha wa siku zote. Halafu mzaha ukakuishia usoni. "Lile zito siwezi tena. Usimwambie mtu. Sitaki kuonewa huruma."

Sikumwambia mtu. Wewe mwenyewe shahidi. Hata ulipolazwa, Maalim akaniuliza moyo huu umemwanza lini, nikasema Mungu ndiye ajuaye.

Basi na mbele yao tena nikanyamaza. Wewe unajua mila yetu, aliyeosha maiti hasemi alichokiona. Mimi sikukuosha, wamekuosha wanaume, lakini lile la ngazi nilikuwa nalijua peke yangu, na nikaliweka hukohuko walikoweka wao waliyoyaona. Maalim kashainuka. Anasema basi tusimsumbue mama. Nikitazama dogo namuona Salha analipiga mwaka nenda mwaka rudi na watu wanasema, eti hii ndiyo sauti aliyoichagua Makame. Umetajwa jina, mwenyewe huji. Nikitazama kubwa nakuona unalamba midomo, usimwambie mtu, mama.

Nkasema, "Yapigeni kwanza. Yote mawili. Halafu muamue."

Maalim akakubali, ila akasema, "Liwekeni juu ya godoro. Nyumba bado ina msiba, isije ikasikika njiani." Ni adabu, simlaumu. Wakaliinua lile kubwa wakaliweka katikati ya godoro la matanga. Salha akaunganisha waya. Mimi nikenda ukutani pangu, nikavua makubadhi, nikanyoosha miguu. Nikamuona mkono wake unaushika uzi mnene, unauachia, uzi unatikisika mpaka hauonekani.

Hapana kitu.

Akapiga tena. Hapana kitu, Makame. Kisigino kimya, goti kimya. Nlikuwa kama gogo. Salha kanitazama, akasema lile neno, sikuwa tayari nalo, "Imefika, Bi Mize?" Nlifikiri, basi ndio imekwisha. Umeondoka nayo. Mwili wangu ulikuwa ukisikia kwa sababu ulikuwa wewe, na sasa umefungwa kama duka la aliyehama. Nimelia siku nyingi tangu ulipokufa lakini pale sikulia. Palikuwa chini zaidi ya kilio.

Maalim akasema polepole, "Ni dogo basi. Marehemu alijua."

Salha akainama kuchomoa waya. Nami, sijui kwa nini, labda kwa kuaga tu, nikatambaa nikaliwekea boksi mkono juu. Mkono wa Salha ulikuwa umegusa uzi kwa bahati mbaya. Lo! Boksi lilikuwa linatetemeka mle ndani kama ng'ombe wa Idi aliyekwisha kufungwa miguu. Mzima kabisa! Nikaushusha mkono mpaka kwenye godoro, ukafa. Hapohapo ikanijia ile mashine ya kusaga ya kazini kwangu: jirani alipolalamika, mwenye mashine alitandika magunia ya pamba chini, na tangu siku hiyo jirani hakusema tena, mashine ikinguruma kichwani mwetu na sakafu haina habari.

Godoro lilikuwa likiila sauti, mwanangu. Hilo godoro langu.

Nkasema, "Liondoeni boksi." Maalim akadhani nimechoka. Nkasema, "Liondoeni juu ya godoro." Salha akataka kulikunja yeye, nikampokonya pembe. Nililikunja mimi. Lilikuwa zito, limeshika jasho la watu wote waliokaa juu yake wakasema pole, na chini yake nikakuta tasbihi ya mtu, na kokwa za tende, na sakafu ile ya saruji ilikuwa na baridi kama haijawahi kukanyagwa. Nikalikunja mara mbili nikaliegemeza pale kilipo kitanda chako. Nlihema. Nikawaonesha kwa kidole, pale kwenye pembe, ukuta na ukuta, ulipokuwa ukiliweka wewe. Wakaliweka.

Nikarudi ukutani. Salha akaupiga.

Ilikuja, Makame. Haikuuliza njia. Vikombe vya kabatini vikaanza kusemezana, vumbi la chokaa likateremka kwenye boriti, na mimi visigino vyangu vikaitika, naam, na nyonga, na ikaja ikakaa palepale pa kwako. Nikaweka kiganja. Salha akaona, akauma mdomo, akapiga tena. Na safari hii mgongoni mwangu ukuta ukanigonga: du! du! du! Ule mchi. Salha akaacha kupiga. Nkamuuliza, kasema nini? Hataki kunambia. Kasema nini Bi Tatu? "Kasema, Makame we." Halafu? "Halafu kanyamaza." Tukasubiri. Salha akageuza uso, akasema, "Sasa analia."

Ikabidi liletwe dogo, haki ipatikane, hata boksi lina haki yake. Salha akalipiga palepale pembeni, kwa uzi uleule. Zuri, safi, linakimbia. Vikombe vikanyamaza, nami nikanyamaza. Maalim mwenyewe, mwenye masikio mazima mawili, akatikisa kichwa. "Naijua nota anayoipiga," akasema, "lakini haipo." Halafu akakaa chini juu ya mkeka, uso umemshuka. "Sauti nimeisikia, Bi Mize. Lakini neno lake? Mimi ntamjibu nini marehemu?"

Hapo ndipo nilipoitoa siri yako, baba. Nisamehe. Nimewaambia. Nimewaambia habari ya ngazi. Nimewaambia kwamba masikio yako yalichagua kubwa, kifua chako ndicho kilichochagua dogo, na kifua sasa kimeshapumzika, hakina haja ya kuchaguliwa tena. Mtu akifa tunashika neno lake, sawa. Lakini neno lile halikuwa lako, lilikuwa la ugonjwa, na mimi ugonjwa ule siutii. Ulinitosha ulivyonifanya.

Maalim hakuinua kichwa. Alikaa vile, anakuna mkeka kwa kucha. Mwisho akasema, "Tungembebea." Akarudia, kama anakwambia wewe, "Mbona tungekubebea, we mtoto."

Nkamwambia, "Alijua, Maalim. Ndio maana hakusema."

Mimi tangu siku ile jibu langu mwenyewe linanichoma. Nlilisema kwa kukutetea, na kumbe lilikuwa kisu. Yule mzee amepungua. Nimemuona sokoni Darajani, ameninunulia machungwa bila ya kunitazama.

Siku waliyokuja kulichukua walikuja wote wa klabu. Hapana aliyewapanga. Wameingia wanne, wameliinua, na walipofika mlangoni wengine wakawa wanangoja nje, na mmoja akaingiza bega, mwengine akatoka, na mwengine akaingiza mkono, kila hatua mtu mpya anataka kuligusa. Mimi nimesimama humu ndani. Nlishaona hivyo, Makame. Nlikuona wewe ukitoka mlango huuhuu hivyohivyo, bega kwa bega, nami nimebaki na wanawake wenzangu kwa kuwa sisi hatufiki kaburini, na kwa dirisha nikaziona kofia tu, kofia, kofia, mpaka zikaisha kwenye pembe. Mungu anisamehe kulinganisha jeneza na boksi la mbao. Lakini siku ile miguu yangu ilitaka kutoka ikazuiwa. Safari hii haikuzuiwa na mtu. Nikatia buibui, nikatoka, nikatembea nyuma yake.

Bi Tatu akafunga mlango wake akaja pembeni yangu. "Unakwenda wapi, Mize, na goti hilo?" Nkamwambia namsindikiza. Hakuuliza nani. Akanishika mkono.

Ngazi za klabu sikupata kuziona kabla. Hukunambia ni nyembamba hivyo. Hukunambia vidato vimeliwa katikati, na kwamba nusu ya njia hakuna dirisha. Wanaume wazima, wazima, wanne kwa zamu, walisimama pale kwenye giza wakahema. Nami nikasimama kidato cha chini yao, nikaweka mkono ukutani, nikafikiri, hapa ndipo alipokuwa akisimama. Hapa alikuwa peke yake, anajifanya anatazama simu.

Limefika juu. Liko kwenye pembe, ukuta na ukuta. Mguu wake mmoja wa mpira umeng'oka, linacheza kidogo, linahitaji kitu cha kuliweka sawa.

Nyumbani kitanda chako nimekilaza. Godoro nimelianika juani, likapigwa fimbo na Bi Tatu kama lilimkosea. Tasbihi bado namtafuta mwenyewe. Dogo limerudi Mlandege.

Makame, tumezoea radhi itoke kwa mama iende kwa mtoto, na yangu unayo yote, tangu siku uliyozaliwa mpaka utakapofufuliwa, hukuniudhi hata siku moja. Leo mimi ndio nnakuomba wewe. Niwie radhi kwa neno na kwa siri. Na ukiwa umekasirika, basi kasirika, nimezoea kuwa na wasiwasi juu yako, ntauendeleza.

Ahadi yangu ni hii. Idi pili, kabla ya harusi, ntazipanda ngazi zile kwa goti langu, nikae chini, mgongo ukutani, miguu mitupu. Na kila wakifanya mazoezi ntakwenda, mpaka mwili huu nao uchoke kusikia, na ukichoka ntamwambia Salha kweli, sitomficha. Barua hii nlitaka kuitia ndani ya tundu la boksi, Salha akasema hapana, itakoroma. Basi ntaikunja mpaka iwe nene, niiweke chini ya ule mguu ulioharibika, boksi lisimame sawa.

Salha ataupiga uzi mnene, sauti itapita juu ya maneno haya ikenda chini, ukutani, mchangani, sijui mwisho wake wapi. Na miaka yote uliniuliza wewe. Safari hii ntauliza mimi.

Imefika, baba?

Mimi mama yako,
Mize